Elimu ya falaki mashuleni: Tupeleleze kabla ya kufundisha

KWA muda wa zaidi ya miaka miwili picha moja ilikuwa imebandikwa ukutani katika darasa ninalofundishia Maarifa ya Uislamu. Ilikuwa ni picha ya uso wa mwezi, na katikati yake umepita ufa mrefu, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Chini yake niliandika kwa kalamu nene: "Ushahidi wa kupasuka kwa mwezi kwa mujibu wa wanasayansi wa NASA." Picha hiyo niliipata nikiwa bado chuo kikuu, kutoka kwa ndugu aliyetumiwa na ndugu mwingine. Sikumuuliza yeyote kati yao ameitoa wapi.

Siku moja binti wa kidato cha tatu alibaki darasani baada ya kipindi. Akasema kwa adabu: "Samahani Ustadh, naomba kuuliza. Ile picha ya ukutani nimeitafuta kwenye kompyuta ya kaka yangu. Wenyewe walioipiga wanaeleza mambo mengine."

Akanipa karatasi aliyokuwa ameandika kwa mkono. Picha ile ilipigwa na wanaanga wa chombo cha Apollo 10 mwaka 1969. Ufa ule una jina lake, unaitwa Rima Ariadaeus, na urefu wake ni kilometa 300 na zaidi kidogo. Wataalamu wanaeleza kuwa mabonde ya namna ile hutokea pale ardhi inapodidimia katikati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Mahali popote katika maelezo yale hapakuwa na neno juu ya mwezi kupasuka vipande viwili.

Nilitafuta la kusema nikakosa. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule: "Sasa Ustadh, na ule muujiza wenyewe je?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu. Kupasuka kwa mwezi kumetajwa mwanzoni mwa Suratul-Qamar na kumepokewa katika hadithi sahihi. Waislamu waliamini hivyo kwa zaidi ya miaka 1300 kabla ya mwanadamu yeyote kupiga picha ile. Muujiza haukuwa na haja ya picha yangu. Ni mimi niliyechukua jambo zito la imani nikalitundika kwenye msumari wa kuazima, na msumari ulipong'oka, mtoto wa watu akadhani na lile jambo limeanguka.

Ubaya zaidi ni kuwa ningeweza kuligundua kosa lile bila hata ya intaneti. Mzunguko wa mwezi ni takriban kilometa 10,900. Ufa wa kilometa 300 haufiki hata sehemu 3 katika 100 za mzunguko huo. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Mimi mwenye shahada sikuifanya, kwa sababu habari ile niliipenda.

Mtume (s.a.w.) alikataa sifa isiyo ya kweli

Kosa langu lilinirudisha kwenye tukio ambalo nimelifundisha mara nyingi bila kulizingatia. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), siku ile ile jua lilipatwa. Watu wa Madina wakaanza kusemezana kuwa jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Habari ile ilikuwa ikimtukuza Mtume (s.a.w.). Iliwazidishia watu hofu na heshima juu yake. Angenyamaza tu, ingeenea na kurithiwa. Lakini kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, katika siku yake ya majonzi aliwabainishia watu kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah (s.w.), na havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza kwenye swala na dua.

Hili ni somo la falaki na ni somo la uaminifu kwa wakati mmoja. Hoja isiyo ya kweli haikubaliki hata pale inapoonekana kuisaidia dini. Mwalimu anayebandika picha ya uongo kwa nia njema amekwenda kinyume na mwenendo huo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Lipo pia jambo la kupendeza kwa wanafunzi wetu. Wanafalaki wanapozirudisha hesabu nyuma, wanakuta kuwa jua lilipatwa Januari 27, 632, mwishoni mwa mwezi wa Shawwal mwaka wa 10 Hijria, na Madina ilikuwa ndani ya eneo la kuliona. Hesabu hizo zipo wazi, mwanafunzi yeyote anaweza kuzitazama. Nitaeleza mbele ni wapi.

Kwa nini walimu tunaanguka

Katika shule zetu za sekondari elimu ya falaki haina kipindi chake. Imetawanyika. Mwalimu wa jiografia anafundisha mfumo wa jua na sayari zake. Mwalimu wa fizikia anagusa mvutano na mwanga. Sisi wa Maarifa ya Uislamu tunafundisha nyakati za swala, kuandama kwa mwezi, kibla na swala ya kupatwa kwa jua. Wengi wetu hatukusomea falaki. Vitabu vilivyopo kwenye makabati ni vya zamani, na vingine bado vinahesabu sayari tisa, ilhali Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, IAU, uliiondoa Pluto katika orodha ya sayari kubwa katika mkutano wa Prague, Agosti 24, 2006.

Kwa hiyo mwalimu anakimbilia simu yake. Ananunua bando la siku, anaandika neno moja, na mbele yake zinamiminika kurasa maelfu. Kweli na uongo vimekaa safu moja, vimevaa nguo zinazofanana. Na siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuunda picha ya anga ambayo hakuna darubini iliyopata kuiona.

Nitoe mifano miwili ambayo bila shaka wasomaji wengi wamekutana nayo.

Wa kwanza ni ujumbe unaosema kuwa usiku wa Agosti 27 sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi mpevu. Chanzo chake ni tukio la kweli. Agosti 27, 2003 Mirihi ilikaribia dunia kuliko ilivyopata kukaribia katika muda wa karibu miaka 60,000, ikawa umbali wa kilometa milioni 55.76. Ujumbe wa awali ulieleza kuwa ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, utaiona kwa ukubwa ule ambao jicho tupu linauona mwezi. Watu wakaukata ujumbe, yale maneno ya darubini yakadondoka njiani. Tangu hapo ujumbe huo umekuwa ukirudi mwezi Agosti mwaka hadi mwaka.

Mwalimu akiupokea ujumbe huo asiufute. Aupeleke darasani kama swali. Kipenyo cha Mirihi ni kilometa 6,792 hivi, karibu mara mbili ya kipenyo cha mwezi ambacho ni kilometa 3,475. Mwezi upo umbali wa wastani wa kilometa 384,400. Ili Mirihi ilingane na mwezi machoni mwetu, ingebidi iwe umbali wa kama kilometa 750,000 tu. Je, kilometa milioni 55 ni mara ngapi ya umbali huo? Wanafunzi wakigawanya watapata kama mara 74, na papo hapo watajua ile 75 ya darubini ilitoka wapi.

Wa pili ni ule unaosema kuwa leo usiku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu miale hatari kutoka Mirihi itapita karibu na dunia, hivyo kila mtu azime simu. Mwisho wake huwa umeandikwa NASA na BBC. Ujumbe huu hauna tarehe. Neno lake ni "leo", kwa hiyo unaweza kusambazwa siku yoyote ya mwaka. Habari ya anga isiyo na tarehe, isiyo na mwandishi, inayokuhimiza uisambaze haraka, imekwisha kujitolea ushahidi yenyewe.

Mizani tunayo tayari

Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na ipo hadithi katika Sahih Muslim inayotuonya kuwa inatosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Wanazuoni wa hadithi walilifanyia jambo hili elimu kamili. Walichunguza mlolongo wa wapokezi, wakachunguza na matini yenyewe. Mizani hiyo hiyo nimeigeuza kuwa maswali matano ambayo sasa wanafunzi wangu wanayaandika kwenye jalada la ndani la daftari.

Kwanza, nani anasema? Ukurasa uwe na jina la mwandishi au taasisi inayowajibika. Ukikuta "wanasayansi wamegundua", uliza wanasayansi gani, wa wapi. Mpokezi asiyejulikana haikubaliwi hadithi yake, kwa nini tumkubalie habari ya nyota?

Pili, amejuaje? Je, ameona kwa darubini, amepiga hesabu, au amenakili? Aliyenakili atuonyeshe alikonakili, nasi twende huko.

Tatu, lini? Falaki ni elimu inayokua. Machi 2025 IAU ilitambua miezi mipya 128 ya sayari ya Zohali, jumla ikafika 274. Kitabu cha mwaka 2000 kinachotaja miezi michache hakikusema uongo, kilisema yaliyojulikana siku zile. Lakini mwalimu anayekisoma leo bila kutazama mwaka wake atawapotosha watoto.

Nne, je, wapo wengine wasiomtegemea yeye wanaosema hivyo hivyo? Hapa wengi tunateleza. Tunaona habari moja katika kurasa kumi tukadhani ina mashahidi kumi. Ukizisoma kwa makini, sentensi ni zile zile, hata makosa ya herufi ni yale yale. Hao si mashahidi kumi. Ni mpokezi mmoja aliyenakiliwa mara kumi, na kama yeye ni dhaifu, wote ni dhaifu.

Tano, je, tunaweza kujipimia wenyewe? Uzuri wa falaki ni kuwa maabara yake ipo juu ya kichwa cha kila mtoto, bure. Chanzo kinachosema jua la Dar es Salaam litafanya hivi siku fulani saa fulani tunaweza kukikamata kwa fimbo na kivuli.

Vyanzo ninavyovitumia

Baada ya kuondokana na aibu yangu nilianza kukusanya vyanzo vinavyostahimili maswali hayo matano. Navitaja hapa ili mwalimu mwenzangu asianze sifuri.

1. Kurasa za elimu za NASA ya Marekani na za ESA, shirika la anga la nchi za Ulaya. Humo mna takwimu za kila sayari na picha zenye maelezo kamili: chombo kilichopiga, tarehe, na kinachoonekana. Upo pia ukurasa wa NASA unaotoa picha moja ya anga kila siku tangu mwaka 1995, pamoja na maelezo mafupi yanayoandikwa na wanafalaki. Binti yule alipoitafuta picha yangu, alifika kwenye maelezo ya namna hiyo.

2. Majedwali ya NASA ya kupatwa kwa jua na mwezi, ambayo hesabu zake zilifanywa na Fred Espenak, mwanafalaki aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi. Yanachukua muda wa miaka elfu tano, ya kale na ijayo. Humo ndimo mnamopatikana kupatwa kule kwa Januari 632. Humo pia utakuta kupatwa kwa Septemba Mosi, 2016, ambapo watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona jua limebaki kama pete. Na kupatwa kikamilifu kwa Agosti 2, 2027, ambako njia yake inapita Afrika ya Kaskazini na kuufikia mji wa Makka, kumo pia.

3. Kituo cha falaki cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, na ofisi ya Uingereza inayotayarisha almanaka ya mabaharia. Hivi vinatoa saa za kuchomoza na kuzama kwa jua na mwezi kwa mji wowote. Almanaka ya Waingereza ilianza kutolewa kwa ajili ya mwaka 1767, na mabaharia waliitegemea kujua mahali walipo baharini. Hesabu ikikosewa, jahazi linapanda mwamba. Chanzo ambacho watu wamekitegemea kwa roho zao kwa karne mbili na zaidi kina uzito wake.

4. Programu ya Stellarium. Hii ni ya bure, ilianzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, na faida yake kubwa kwetu ni kuwa ukishaipakua unaweza kuitumia bila intaneti. Mwalimu mmoja akiipakua mjini na kuiweka kwenye flashi, shule nzima imepata. Unachagua mji wako, tarehe na saa, nayo inakuonyesha anga kama itakavyokuwa. Unaweza kuipeleka Madina ya mwaka 632, na unaweza kuirudisha kijijini kwenu jioni ya leo.

5. Mkusanyiko wa mazoezi ya darasani wa IAU uitwao astroEDU. Kila zoezi hupitiwa na mwanafalaki na mwalimu kabla ya kutolewa, na mengi yanahitaji karatasi, mpira, tochi na uzi tu.

Karibu vyote hivi ni kwa Kiingereza, na hilo ni tatizo kwa walimu wa shule za msingi na madrasa. Hapa kuna kazi ya kufanywa na wasomi wetu. Hata majina ya sayari hayajatulia: sayari ile ile utasikia huyu akiiita Zohali na yule Sarateni. Mimi nimechukua Zohali, kwa sababu ndilo jina lake la asili katika Kiarabu, ilhali saratani katika falaki ya Kiarabu ni kundi la nyota la Kaa. Mwalimu awape wanafunzi majina yote mawili pamoja na lile la kimataifa, ili wakitafuta wasipotee.

Uwanja wa shule ndio hakimu

Vyanzo vyote nilivyovitaja bado nawataka wanafunzi wavipime. Tunachukua fimbo ya mita 1, tunaisimamisha wima uwanjani, na kila baada ya dakika mbili tunaweka alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, jua lipo katikati ya safari yake. Muda mfupi baada ya hapo adhuhuri inaingia. Kwa Dar es Salaam wakati huo haukai mahali pamoja. Mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 6:06 mchana, na katikati ya Februari ni kama saa 6:37. Kigoma, ambako ni magharibi zaidi, jua linachelewa kwa dakika 38 hadi 39, kwa sababu kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Mwanafunzi aliyepima mwenyewe hatadanganywa tena na programu ya simu iliyowekewa mji usio wake. Na atajua kwa nini ratiba ya swala ya Dar es Salaam haiwafai ndugu zetu wa Kigoma.

Zoezi jingine ni la kibla. Mei 27 au 28 saa 6:18 mchana, na Julai 15 au 16 saa 6:27 mchana, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Saa za Makka na saa zetu za Afrika Mashariki ni zile zile, hivyo hatuhitaji kugeuza. Kwa dakika hiyo, anayelielekea jua ameelekea kibla, na kivuli cha fimbo kinaonyesha upande wa pili. Tulifanya hivyo shuleni kwetu Mei. Kivuli cha fimbo ya mita 1 kilikuwa cha sentimita 54 hivi, kimelala kuelekea kusini. Wanafunzi wakatoa simu ya mwalimu wao na kulinganisha dira yake. Dira ilikuwa imekosea pakubwa kwa sababu niliishika karibu na nguzo ya chuma. Walicheka sana, na somo la dira na chuma hawatalisahau.

Lipo na la wazee wetu. Wakulima wa pwani walikitazama Kilimia kujua msimu, wakasema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliwataka wanafunzi wakitafute Kilimia kwenye Stellarium kwa mwezi wa Mei, wakati masika inaishilizia. Wakakuta kinazama pamoja na jua, hakionekani. Wakasogeza mbele hadi mwishoni mwa Juni, kikachomoza alfajiri upande wa mashariki, mvua zimekwisha. Kijana mmoja akasema, "Kumbe babu hakuwa anasema tu." Babu naye alikuwa na chanzo chake, na chanzo chake kimepimika.

Mambo matatu ya kuchunga

La kwanza ni macho ya watoto. Jua halitazamwi kwa miwani ya kawaida, wala filamu ya eksirei, wala kupitia kwenye beseni la maji, hata likipatwa nusu. Linatazamwa kwa miwani maalumu iliyothibitishwa kwa kazi hiyo tu. Njia salama kwa shule isiyo na uwezo ni kutoboa tundu dogo kwenye kadi, ukaipa jua mgongo, na kuitazama taswira yake kwenye karatasi nyeupe.

La pili ni mwezi mwandamo. Sikusudii kuingia katika mjadala ambao wanazuoni wamekwisha kuuzungumza. Nasema tu kuwa mwalimu aelewe kinachosemwa. Ukurasa unapotaja saa ya mwezi mpya, unataja wakati ambao mwezi na jua vimekuwa upande mmoja, na wakati huo mwezi hauonekani kabisa. Haukusema kuwa mwezi utaonekana jioni ile. Kuonekana kunahitaji mwezi uachane na jua kiasi cha kutosha. Hesabu inaeleza mwezi upo wapi, na hukumu ya kufunga na kufungua ni suala la fiqhi. Mwanafunzi akivitenganisha viwili hivi, atasikiliza mjadala wa wakubwa zake kwa utulivu zaidi.

La tatu ni picha za kweli zinazohitaji maelezo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, hupokea zaidi mwanga ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Rangi tunazoziona kwenye picha zake zimepangwa na wataalamu ili tuweze kutofautisha vitu. Asiyejua atadhani amedanganywa, au atawaambia watoto kuwa wangefika huko wangeona rangi zile zile. Picha bila maelezo yake ni nusu ya habari.

Tulipoishia mimi na yule binti

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lile nikawaambia kuwa nimewafundisha jambo lisilo sahihi kwa miaka miwili, na kuwa mwenzao ndiye aliyenisahihisha. Kukiri huko kulikuwa kuzito kwangu. Nilihofia wataniona si mwalimu. Nikawaeleza tukio la kufariki kwa Ibrahim, na wakaelewa haraka kuliko nilivyotarajia kuwa imani yetu juu ya muujiza ule imejengwa juu ya wahyi na mapokezi sahihi, na haikupungukiwa kitu kwa kuondoka picha yangu.

Picha yenyewe niliibandua, kisha nikaibandika tena pale pale. Chini yake sasa pana maandishi ya yule binti, kwa mwandiko wake: jina la lile bonde, urefu wake, mwaka iliopigwa na chombo kilichoipiga. Kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza kwa nini imewekwa, nami huwasimulia.

Nawaomba wakuu wa shule zetu na wazazi wafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Shule iwe na kompyuta moja yenye Stellarium na majedwali ya kupatwa yaliyohifadhiwa humo. Walimu wa jiografia, fizikia na Maarifa ya Uislamu wakae pamoja mara moja kwa muhula, wapitie wanachofundisha juu ya anga, kila mmoja aonyeshe alikokitoa. Na mzazi akitumiwa ujumbe wa nyota na miale, kabla ya kuupeleka kwenye kundi la wazazi amuulize mwanawe: nani kasema, na kajuaje?

Watoto wetu wanaweza kuyajibu maswali hayo. Mmoja wao aliyajibu kabla yangu.

Wabillahi tawfiiq.